Maksai Mmoja, Mikono Mitatu

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Milembe binti Kishosha, mwezi wa Novemba 1988, akichagua mbegu za karanga pamoja na wakwe zake. Ilikuwa miaka minne baada ya tukio. Yeye hakuisikia kwa watu. Alikuwapo, na Jilala anayesimuliwa humu ni kaka yake wa tumbo moja. Inaandikwa hapa kama alivyoisema. Msikilizaji aandae hukumu yake mapema, maana mwisho wa hadithi hii hauko kwa msimulizi.

Palikuwa na kinu cha pamba, na mbele ya mlango wa ghala la kinu palikuwa na jiwe. Watu waliliita Ndama, kwa sababu lilikuwa na ukubwa wa ndama aliyelala, na mgongo laini kama wake. Kila mwaka, ununuzi wa pamba ulipofungwa, wanaume wa vijiji vya jirani walikuja kujipima nguvu kwa jiwe hilo. Makuli wa kinu hawakuruhusiwa, kwa kuwa wao hulipwa kwa kubeba. Shindano lilikuwa la wakulima, wachungaji, na mtu mwingine yeyote anayebeba kwa sababu mzigo uko mbele yake.

Sharti lilikuwa hivi. Unamwinua Ndama, unampakata kifuani, unatembea naye kutoka mlango wa ghala hadi kwenye mzani wa malori, na pale unamtua juu ya kigoda cha mti chenye miguu mitatu. Ukimwangusha njiani umeshindwa. Ukimfikisha lakini kigoda kikavunjika, umeshindwa vilevile. Wazee walisema, "Ndama habwagwi. Ndama hulazwa."

Zawadi ilikuwa maksai wa kulimia, aliyekwisha fundishwa jembe. Lakini mshindi hakumchukua. Mshindi alipata jina tu. Maksai alikuwa wa "mwenye mgongo", yaani yule mtu mmoja ambaye mshindi anakiri kwamba bila yeye asingeliweza jiwe. Maksai alipelekwa kwenye hori la maji, na mshindi akiwa ameshika kamba. Kabla mnyama hajamaliza kunywa, kamba iwe imekwisha ingia katika mkono wa mwenye mgongo. Maksai akiinua kichwa na kamba bado i mkononi mwa mshindi, anarudi zizini kwa wenye shindano, na mshindi anakwenda zake na jina la mtu aliyejibeba mwenyewe. Hakuna jina baya kuliko hilo katika nchi ile.

Miaka yote jambo hili halikuleta taabu. Mshindi alimpa baba yake kamba, watu wakapiga vigelegele, wakala.

Jilala hakuwa na baba.

Alikuwa na nguvu, hilo hata mahasimu wake walikiri. Lakini nguvu zake zilikuwa kama mto wa mvua ya juzi, nyingi na zisizojua pa kupita. Mara ya kwanza aliposhindana alimnyakua Ndama kama anayempokonya mtu, akapiga hatua mbili, jiwe likamponyoka na kuanguka unywele mmoja kando ya kidole gumba cha mguu wake. Watu walicheka hadi wakakaa chini. "Huyo apewe kuku alee!" mmoja alipiga kelele. "Ndama hamuwezi!"

Jilala alicheka nao, kisha akarudi nyumbani ana uchungu. Hakuumizwa na kicheko. Aliumizwa na jambo jingine, nalo lilihusu mjomba wake.

Huyo mjomba, Maduhu, ndiye aliyewalea Jilala na Milembe baada ya wazazi wao kufariki. Mwaka wa njaa, Maduhu alikuwa na jozi ya maksai. Alimtoa mmoja, akaletewa mahindi, na watoto wale wawili wa dada yake wakala mpaka mavuno. Tangu hapo Maduhu alilima kwa kuazima. Maksai wake aliyebaki alifungwa nira na ng'ombe wa watu, na shamba la Maduhu lililimwa la mwisho, mvua ikiwa imekwisha zeeka. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Ndiyo maana Jilala alitaka ushindi. Alitaka siku moja amwekee mjomba wake kamba mkononi, basi.

Alipomwambia, Maduhu alimtazama mikono.

"Nguvu unazo," alisema. "Ila huna vidole. Wewe unashika kama mtu anayefukuza nzi."

Maduhu alikuwa amebeba Ndama ujanani, na kipaji chake kilikuwa mshiko. Alichagua jiwe la mtoni, kubwa kiasi, akamwambia mkewe apike mlenda mwingi kuliko siku zote. Mlenda ulipopoa, akaupaka kwenye jiwe lote.

"Mjomba, hii si mboga?"

"Ni mboga. Inua."

Jiwe liliteleza kama kambare. Jilala alijaribu tena, likateleza tena, na mbwa wa nyumba akaja kulilamba. Milembe alicheka mpaka akashika mbavu. Maduhu hakucheka. Kila jioni aliupaka mlenda upya, akamfundisha mpwa wake kutotegemea viganja. Alimfundisha kutafuta mfupa wa jiwe kwa ncha za vidole, kuliegemeza kwenye mikono mpaka viwiko, kulikumbatia bila kulibana. Masunga, mtoto wa Maduhu mwenyewe, naye alikuwa anajiandaa kwa shindano. Aliitwa ajifunze, akakataa. "Mimi nabeba jiwe, sibebi mchuzi," alisema. Tangu siku ile baba na mwana walikula chakula kimoja bila kusemezana, na Maduhu hakuacha kumfundisha mpwa.

Mshiko ukapatikana. Jilala akaweza kuinua na kutembea. Lakini akifika nusu ya safari, dunia ilikuwa inamgeukia. Masikio yalivuma, macho yakaona giza, magoti yakalegea. Siku moja alianguka hivyo karibu na ua wa Mbuke.

Mbuke alikuwa mjane, jirani yao, mwanamke mkali wa maneno mafupi. Alikuwa akitwanga mtama. Hakuacha kutwanga.

"Unakufa?" aliuliza.

"Hapana, mayu," Jilala alijibu kutoka mavumbini. Mayu ni mama, na kila mtu alimwita hivyo.

"Basi inuka. Unabana pumzi kama mtoto anayenyimwa ziwa. Umeona wapi mwanamke akatwanga gunia zima huku amebana pumzi?"

Alimpa mchi. Akamfundisha kutoa pumzi mchi unaposhuka na kuivuta unapopanda, kisha akamfundisha wimbo wa kutwangia, maana anayeimba hawezi kubana pumzi. Halafu akamrudisha kwenye jiwe na kumwamuru aimbe akiwa amelipakata. Mwanzoni sauti ilitoka kama ya bata. Majirani walikuja kusikiliza kwa makusudi.

"Sauti mbaya," Mbuke alisema, "lakini uko hai. Endelea."

Tena aliona kwamba kijana amekonda. Nyumbani kwa Maduhu kulikuwa na ugali wa kutosha, lakini maziwa hayakuwapo. Mbuke alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye ndama dume. Akaanza kumpa Jilala kibuyu cha maziwa kila asubuhi, akimwachia ndama kilichobaki. Jilala alikunywa bila kuuliza. Kiangazi kilipokaza nyasi zikaisha, ndama akadhoofika, na asubuhi moja Jilala alimkuta Mbuke ameketi kando ya ndama aliyelala bila kupumua. Ndama huyo ndiye ambaye Mbuke angemtoa ili alimiwe shamba. Shemeji zake walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba shamba la marehemu lisipolimwa msimu ule, ukoo utalichukua.

Mbuke alimwelekeza Jilala kwenye kibuyu kilichokuwa mlangoni.

"Kunywa," alisema. "Kikimwagwa hatafufuka."

Sasa alikuwa na mshiko na pumzi. Kilichobaki ni kutua. Na kutua, katika wilaya ile nzima, kulijulikana na mtu mmoja tu.

Lushinge alikuwa mfyatua matofali. Tofali bichi ukiliweka chini kwa nguvu linapinda, na likipinda halina dawa. Alikuwa ameyalaza maelfu kwa maelfu, na ndiyo maana alipokuwa mzima alimlaza Ndama kigodani bila kigoda kulia. Alishinda mara moja. Mara ya pili alifika kwenye mzani, watu wakamshangilia kwa jina, naye akageuka kuwatazama akiwa bado na jiwe kifuani. Mgongo ulilia kama ukuni mkavu. Tangu hapo alitembea ameinama, akifyatua matofali machache kwa taabu.

Jilala alimwendea kwa woga, kwa kuwa mwaka ule Lushinge aliposhinda, yeye alikuwa miongoni mwa waliomzomea.

"Wewe si yule uliyesema nimeshinda kwa bahati?" Lushinge aliuliza.

"Ni mimi."

"Vizuri. Mwongo nisingemfundisha. Chukua tofali lile, lilaze pale. Ukiliharibu unafyatua kumi."

Jilala alifyatua matofali mengi sana. Alijifunza kushuka kwa mapaja wala si kwa kiuno, kugusisha ukingo mmoja wa mzigo kwanza, kusubiri, kisha kuuachia uzito ushuke wenyewe. Juu ya yote alijifunza kutogeuka. Lushinge alikuwa akimsubiri ashuke na jiwe, kisha anamwita ghafla kwa nyuma, "Jilala! Nyoka!" Mara ya kwanza Jilala aligeuka. Mara ya pili pia. Mara ya tatu alisema, "Aniume," akaendelea kushuka.

Siku moja, wiki chache kabla ya shindano, goti lilimsaliti Jilala jiwe likiwa nusu ya njia kuelekea chini. Lilikuwa linamwangukia mapajani. Lushinge, aliyekuwa amekaa, aliruka akaingiza mgongo wake uleule mbovu chini ya jiwe. Lilisimama kwa muda wa kukohoa, Jilala akajivuta, jiwe likaanguka pembeni. Mguu wa Jilala ulipona. Mgongo wa Lushinge haukunyooka tena hata kwa kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Hakuweza tena kukanyaga udongo wala kubeba tofali.

"Usilie," alisema akiwa amelala ubavu. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi leo nimeujua uzito wa usufi."

Siku ya shindano ilifika, na mvua ya kwanza ya msimu ikafika nayo. Haikuwa kubwa. Ilikuwa manyunyu ya kulowesha tu, lakini Ndama alikuwa aking'aa kama samaki.

Wa kwanza, mchungaji mmoja mrefu, aliinua mara tatu, na mara tatu jiwe likamteleza. Waliofuata yakawakuta yaleyale. Masunga alikuja akiwa amepaka mchanga viganjani. Alimwinua Ndama kwa nguvu tupu, watu wakapiga kelele, akaenda haraka, mashavu yamevimba kwa pumzi aliyoibana. Alipokaribia mzani alianguka kifudifudi kama aliyekatwa kamba. Walimmwagia maji akazinduka. Baba yake alikuwa wa kwanza kumfikia, na Masunga, bado hajui yuko wapi, alimshika baba yake mkono.

Akaja bingwa wa mwaka uliopita, mwanamume wa kitongoji cha ng'ambo aliyeitwa Mahona. Huyu alijua kushika na alijua kupumua. Alifika. Alishuka. Kisha watu wakaimba jina lake, naye akatabasamu, na tabasamu lile likamtoa katika kipimo. Mguu mmoja wa kigoda ulikatika.

Kikaletwa kigoda kipya. Jilala akaitwa.

Alipoinama, vidole vyake vilikuta kitu vinachokijua. Jiwe lenye mvua halikuwa na utelezi wa mlenda. Alitafuta mfupa wa jiwe, akaupata, akaliinua taratibu hadi kifuani.

Alianza kutembea, na alianza kuimba. Wengine walicheka kusikia mwanamume anaimba wimbo wa kutwangia. Hakuwasikia. Kila hatua ilishuka na pumzi, kila pumzi ilipanda na hatua. Pale alipoangukia Masunga tope lilikuwa limevurugika. Alilipita bila kuharakisha. Milembe alisema kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kupumua, na kwamba wanawake waliokuwa karibu naye walianza kuimba pamoja na Jilala kwa sauti ya chini, ili wimbo usimwishie.

Mbele ya kigoda alinyamaza. Akaanza kushuka. Hapo ndipo umati mzima ulipolipuka: "Jilala! Jilala! Jilala!" Jina lake, ambalo mwaka ule mwingine walilichekea. Shingo ilitaka kugeuka. Kila mtu aliuona mshipa wa shingo ukisimama. Jilala alisema neno moja, na waliokuwa karibu wakalisikia: "Aniume." Ukingo wa jiwe uligusa mti. Alisubiri. Akauachia uzito.

Kigoda hakikulia.

Basi vigelegele, na manyunyu, na watu kumbeba Jilala aliyekuwa amebeba. Kisha mwamuzi, mzee Ng'wandu, akamleta maksai. Alikuwa mwekundu, mpana wa kifua, pembe zake zimeota sawasawa. Akampa Jilala kamba, na maksai akapelekwa horini. Akashusha kichwa akaanza kunywa.

"Mwenye mgongo ajulikane," mzee Ng'wandu alisema.

Jilala aligeuka, na sasa aliruhusiwa kugeuka. Akawaona wote watatu.

Maduhu alisimama na mwanawe aliyelowa, akitazama mikono yake. Mbuke alisimama na jembe begani, maana alikuwa amepitia shambani kupima udongo. Lushinge alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu za pamba, ameinama mpaka kidevu kinakaribia magoti.

Jilala hakuwa amemwahidi mtu. Hilo ndilo lililomponza. Angekuwa ameahidi, angekuwa na pa kujificha.

Umati ulianza kumsaidia, kama umati unavyosaidia.

"Mpe mjomba wako! Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe!"

"Mjomba ana mtoto wa kumlimia! Mjane ana nani?"

"Nyie hamkuona? Mahona aliinua, akatembea. Kilichomshinda ni kutua!"

"Asingeshika angetua nini? Kivuli?"

"Asingepumua angekuwa amelala pale na Masunga!"

"Mchinjeni, mgawane!" alisema mmoja mwenye njaa.

"Nusu ya maksai hailimi," mzee Ng'wandu alijibu bila kumtazama.

Jilala alimwendea mjomba wake, kamba ikifuata. "Mjomba," alisema, "nilikuja kwa ajili yako."

Maduhu hakuinua macho. "Nilimtoa yule maksai kwa sababu mlikuwa na njaa," alisema polepole. "Sikumkopesha." Lakini mikono yake ilikuwa imefunguka, na Jilala aliiona.

Mbuke alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. "Mpe mjomba wako, mwanangu. Mimi nitapalilia mashamba ya watu." Alisema hivyo, lakini macho yake yalikuwa kwa maksai.

"Mimi sina adabu kama hao," Lushinge alisema kutoka kwenye gunia. "Nipe mimi. Anikanyagie udongo, anivutie mkokoteni. Nikikwambia simtaki, nitakuwa mwongo, na uongo sikukufundisha."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Maksai alikuwa ananyonya maji kwa mafunda marefu. Koo lilipanda na kushuka. Aliacha kidogo, akapuliza, mapovu yakatokea, na umati wote ukavuta pumzi ukidhani anainua kichwa. Akashusha tena. Hori lilikuwa karibu kuonyesha chini. Kamba ilikuwa imelowa, ikiteleza mkononi mwa Jilala, naye aliishika kwa ncha za vidole, akipumua kama alivyofundishwa, akijua kwamba safari hii pia mzigo hautakiwi kubwagwa. Unatakiwa kulazwa.

Masikio ya maksai yakachezacheza. Pua yake ikaanza kuachana na maji.

Hapo Milembe alikuwa akinyamaza. Alichukua kipande cha kamba ya katani aliyofungia gunia la karanga, akamtupia aliyekaa karibu naye, awe mtoto au mzee, na kumwambia, "Shika. Maksai anainua kichwa. Mmoja alitoa maksai wake, mmoja alitoa ndama wake, mmoja alitoa mgongo wake. Haya, mkono wako unakwenda wapi?"

Maduhu alifariki mwaka 1993, na Milembe mwenyewe mwaka 2011. Mbuke yuko hai, ni mzee sana na haoni vizuri. Lushinge yuko hai. Jilala yuko hai pia. Ukimwendea na kumuuliza kamba aliiweka mkononi mwa nani, hakatai kukwambia, lakini anataka kwanza umjibu yeye. Wewe ungempa nani? Na baada ya kumpa, ungewatazamaje wale wawili?